Chupa ya Kwanza

Kesi ya mauaji walimpa mwenzake, yule anayejua kusimama vizuri mbele ya kamera. Inspekta Sindano akapewa samaki.

"Samaki wafu, afande," Koplo alisema, akifunga mlango wa gari kwa kiwiko maana mkono wenyewe ulikuwa umeziba pua. "Sasa taarifa tutaiandikaje? Marehemu ni perege, umri haujulikani?"

"Andika kwamba wamekufa wengi, na kuna koplo mmoja anakaribia kuwafuata."

Jina la Sindano alipewa kazini, na waliompa hawakuwa wanamsifu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, na ulimi wake uliingia mahali ambapo watu hawakutaka uingie. Asubuhi hiyo alikuwa na kijicho cha wazi kabisa. Alikuwa amesikia kwenye redio ya gari jina la mwenzake likitajwa mara mbili, akaizima redio kwa nguvu hata kitufe kikambaki mkononi.

Mbele yao palikuwa na mabwawa matatu yaliyopandwa matete, yamefuatana kutoka ukuta wa kiwanda cha ngozi hadi ukingo wa mto. Maji machafu ya kiwanda yalipita humo polepole, yakisafishwa na mizizi ya matete na vijidudu vinavyokaa kwenye mizizi hiyo, ndipo yakaingia mtoni. Kabla ya mabwawa hayo mto ulikuwa mweusi, unanuka, hauna hata chura. Yalipoanza kazi maji yalianza kuangaza, na perege wakarudi. Sasa matete yote yalikuwa yamekauka, mto umerudia weusi wake, na perege walielea matumbo juu hadi kule darajani.

Mwanamke aliyewapokea alikuwa amevaa buti za mpira na macho yake yalikuwa mekundu. Watu walimwita Mama Mto. Ndiye mtaalamu wa maji aliyeanzisha kazi yote ile, na inasemekana aliwasumbua wakubwa wa mji mpaka wakakubali ili wapate kupumua.

"Baraza la mji linakaa leo alasiri," alisema. "Wakiamua kwamba mabwawa yameshindwa yenyewe, yanafukiwa, mimi natoka, na kiwanda kinarudisha bomba lake mtoni. Ikijulikana kuna mtu kayaua, yanapandwa upya."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema yameuawa. Lakini nani anamsikiliza mama anayesema mwanangu kauawa? Wanasema ni uchungu tu."

Alichuchumaa ukingoni kuchota maji ya kupeleka maabara. Alifungua chupa, akaweka kifuniko juu ya jiwe kikiwa kimetazama mbinguni, akachota, akafunga. Inspekta alimtazama mikono.

"Mlinzi alikuwa wapi?"

"Kila Jumapili mchana anakwenda kuangalia mpira. Mji mzima unajua. Jumapili nilikuwa kule juu, kwenye chanzo cha mto. Jumatatu asubuhi nilipofika nilikuta samaki wanatapatapa."

Nyuma ya kibanda cha pampu, Koplo aliita. Alikuwa amepata madumu. Yalikuwa makubwa, ya plastiki, yamepinduliwa midomo chini na kupangwa mstari mmoja, safi kama ya kuuzwa. Vifuniko vyake vilikuwa kando, juu ya tofali, vimetazama mbinguni.

Inspekta aliinua moja akanusa ndani. Harufu ilikuwa karibu imekwisha, lakini iliyobaki ilitosha kumkumbusha bwawa la kuogelea la hoteli.

"Klorini," Mama Mto alisema nyuma yake. "Inaua vijidudu. Vijidudu vikifa, matete hayasafishi kitu. Uchafu wa kiwanda unapita moja kwa moja."

"Mhalifu msafi huyu, afande," Koplo alisema. "Mimi ningeyatupa vichakani."

"Hata mimi. Tazama nyasi."

Karibu na madumu nyasi zilikuwa na mabaka. La kwanza lilikuwa jeupe kabisa. La pili, hatua moja mbele, lilikuwa la njano. La tatu ulilazimika kuinama ndipo ulione. Mtu alisuuza madumu yake, akamwaga, akasuuza tena, akamwaga, kisha akasuuza tena. Amemaliza kuua mto mzima, halafu anaogopa dumu lisibaki na mabaki.

Na kwenye bwawa la tatu, lile lililo karibu na mto, palikuwa na alama ya goti moja kwenye tope, na mbele yake ncha ya kiatu.

"Hapo ndipo tunapopiga goti kuchota sampuli," Mama Mto alieleza. "Lakini sisi hatujachota hapo tangu kabla ya mvua ya Jumamosi. Alama hii si yetu."

"Klorini ilimwagwa wapi?"

"Bwawa la kwanza. Ukitia juu, yenyewe inashuka mpaka la tatu."

Inspekta alisimama pale muda mrefu kuliko Koplo alivyopenda. Mtu amekuja kumwaga sumu kwenye bwawa la kwanza. Kwenye la tatu alipiga goti kutafuta nini?

*

Mhandisi wa kiwanda alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi, kiatu kinachong'aa na manukato ya kumtangulia mlangoni. Alikuwa amefiwa na mke, na kwa maneno ya Koplo, alikuwa mgane ambaye hajakata tamaa.

"Mnanishuku mimi?" alisema kabla hajaulizwa. "Mabwawa yale nimeyachora mimi. Kila tofali, kila mteremko. Halafu nenda kauliza mtaani ni ya nani. Mabwawa ya Mama Mto! Nikipita njiani hakuna anayenisalimia, yeye anapigiwa makofi sokoni."

"Kwa hiyo una wivu."

"Nina wivu sana," Mhandisi alisema, na uso wake ukamwambia Inspekta kwamba ilikuwa mara ya kwanza kulisema. "Lakini mtu anayevunja nyumba yake kwa sababu jirani kasifiwa, huyo ni mwendawazimu."

"Wapo. Kiwanda chako kitapata nafuu mabwawa yakifukiwa."

"Mwenye kiwanda atapata nafuu. Mimi nitabaki fundi wa bomba."

Inspekta alilalamika kiu. Mhandisi alitoa chupa ya maji kwenye jokofu dogo, akafungua, akabwaga kifuniko mezani kikalala kifudifudi kwenye vumbi na makombo ya biskuti, akammiminia. Inspekta alikunywa, akakitazama kifuniko, akashukuru.

"Swali la mwisho. Nani mwingine hakufurahia mto kupona?"

Mhandisi alicheka. "Wanasiasa walioshindwa kuuponya kwanza. Na mume wa Mama Mto, labda. Yule Mkemia wa maabara ya maji. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya baraza, miaka ile, akasema mto huu umeshakufa na anayetaka kuutibu anapoteza muda. Mkewe alikuwa amekaa nyuma yake, ndiye aliyembebea mkoba."

*

Nyumbani kwa Mama Mto walimkuta wifi yake, dada wa Mkemia, ameshika mwiko mkono mmoja na simu mkono wa pili. Aliikata simu haraka. Alikuwa mtu wa kupenda wageni, hasa wageni wanaouliza maswali.

Inspekta alifuta viatu mlangoni kwenye kitambaa cha bluu kilichotandikwa hapo, akakaribishwa sebuleni. Ukutani palikuwa na picha ya gazeti kwenye fremu nzuri. Mama Mto na Mhandisi walikuwa wameshika perege mkubwa kati yao, wanacheka kwa meno yote. Pembeni kabisa, mahali karatasi ilipokatwa, paliingia bega la mtu aliyevaa koti jeupe.

"Unaliona hilo bega?" wifi alisema. "Ni la kaka yangu. Ndiye aliyemshika mkono huyo mwanamke akamfundisha kazi, akamwoa, akamsomesha. Picha imekuja, kabakizwa bega! Na wifi yangu kaitia kwenye fremu, kila siku tunakula tukilitazama."

"Kaka anasemaje?"

"Kaka hasemi. Anatafuna tu. Lakini mimi nasema. Mwanamke gani anashinda matopeni na mwanamume wa manukato, anarudi magharibi ananuka samaki, anazungumza mto, anaota mto? Yule Mhandisi kuna kitu. Ndiyo maana kaka yangu amekonda."

Koplo alimkonyeza Inspekta. Inspekta hakumkonyeza.

"Jumapili kaka alikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Alilala mchana kutwa, maskini, kichwa kinamgonga. Andika hivyo."

"Tumeandika. Kitambaa cha pale mlangoni ni cha nini?"

Wifi alichungulia kana kwamba hajawahi kukiona. "Kile? Ni suruali ya kaka. Ya bluu, nzuri kweli, mkewe alimnunulia. Imeharibika na dawa za kazini, imejaa madoa meupe, akanipa niikate."

"Aliiharibu lini?"

"Jumapili jioni alikuwa anaifua mwenyewe, haitoki, nikamwambia kaka acha..."

Mwiko ulisimama hewani.

"Jumapili ileile aliyolala mchana kutwa," Inspekta alisema kwa upole.

Wifi alikaa chini. Hakuongea tena, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa tamko kamili. Koplo alikunja kile kitambaa akakitia kwenye mfuko wa nailoni.

"Kesi imekwisha, afande," alisema ndani ya gari. "Wivu wa mapenzi. Mume kamwonea wivu Mhandisi."

"Basi angemfuata Mhandisi. Angemtoboa magurudumu, angempasua mdomo. Huyu hakugusa hata kioo cha gari lake. Kawafuata matete."

"Basi tumkamate atuambie."

"Kwa suruali? Ni mkemia, Koplo. Madoa ya dawa kwake ni kama unga kwa mwokaji. Atatuambia yametoka kazini, na baraza linakaa baada ya chakula cha mchana. Nataka lile goti."

*

Maabara ya maji ilikuwa chumba cheupe, kirefu, chenye jokofu la kioo ukutani. Kila kitu mle kilikuwa na karatasi ya jina. Chupa, mirija, mikasi, hata kopo la sukari limeandikwa SUKARI, na kando yake dogo, SUKARI YA MKEMIA.

Mkemia mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, kucha fupi, koti limepigwa pasi. Aliwapa pole kwa kazi ngumu.

"Na mimi nimesikitika," alisema. "Ila sikushangaa. Mto ukishafika pale, haurudi. Nilimwambia mke wangu tangu mwanzo. Mabwawa yale yalikuwa yanafunika kidonda tu."

"Kwa hiyo hayakuuawa?"

"Yalikufa. Vitu hufa, Inspekta."

Hakuonyesha furaha. Alionyesha kuridhika, kama mtu aliyetabiri mvua na sasa anasikia bati linagonga. Inspekta alikuwa amewahi kuiona ile sura, kwenye kioo chake, siku kesi ya mwenzake ilipotupwa na mahakama.

"Mimi maji nayajua ya kuoga tu," alisema. "Nifundishe. Unapimaje?"

Hapo alimpata. Mkemia alisimama wima zaidi. Alishika chupa tupu, akafungua, akaweka kifuniko kimetazama juu, akaeleza kwamba kifuniko hakilazwi kifudifudi hata siku moja, kwamba chombo kinasuuzwa mara tatu, kwamba kikishaoshwa kinapinduliwa kikauke. Alikuwa mwalimu mzuri. Koplo alisahau kwamba wamekuja kukamata mtu, akauliza maswali mawili ya maana.

"Na ukitaka kutia dawa kwenye maji?" Inspekta aliuliza. "Unaanza na nini?"

"Unaanza kwa kuchota chupa ya kwanza. Kabla hujatia chochote. Hiyo ndiyo shahidi wako wa jinsi maji yalivyokuwa. Usipoichota, huna kazi, una porojo."

"Hata kama unachotia ni kitu kibaya?"

"Kitu chochote. Mkono wenyewe unakwenda, hauna hata..."

Alikitazama kifuniko mezani, kimetazama juu, akakichukua na kukifunga kwenye chupa tupu.

Mlango ulifunguliwa. Mama Mto aliingia na buti zake na kisanduku cha sampuli za asubuhi, akamsalimia mumewe kwa jina la utani la nyumbani, akasimama.

Inspekta alikuwa ameshafika kwenye jokofu. Chupa zilijipanga safu kwa safu, zote zimeandikwa mahali na siku. Safu ya chini, nyuma kabisa, ilikuwepo moja yenye maji hadi chini ya shingo na haina karatasi. Katika chumba ambacho hata sukari ina jina.

"Na huyu yatima?"

"Maji ya kunywa," Mkemia alisema.

"Ya kunywa. Basi kunywa."

Aliichukua haraka mno. Alikuwa ameshaanza kuzungusha kifuniko mkewe alipomshika kifundo cha mkono.

"Usifungue. Kuna kitu kinaogelea."

Mkewe aliichukua akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Mle ndani palikuwa na mdudu mdogo, mwembamba kuliko punje ya mchele, mwenye mikia mitatu kama nyuzi. Kwa sababu ya baridi alikuwa mzito, lakini alisogea.

"Huyu hakai kwenye maji machafu," Mama Mto alisema polepole. "Wala hakai kwenye klorini, angekufa papo hapo. Alirudi kwenye bwawa la tatu tu, juma lililopita. Mtoni hayupo, kwenye chanzo hayupo, sijamwona kokote kwingine. Nilimwona, nikaja nyumbani nikamwambia mtu mmoja."

Hakumtazama huyo mtu mmoja. Alikuwa bado anamtazama mdudu.

"Ulipiga goti," Inspekta alimwambia Mkemia. "Ulikwenda na sumu yako, na bado ulipiga goti kwanza kuchota chupa safi. Kwa nini hukuimwaga baadaye?"

"Sampuli haimwagwi," alisema.

"Umeipima?" mkewe aliuliza.

"Nimeipima."

"Ikasemaje?"

Mkemia alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. "Imepona. Kabisa. Ni safi kuliko ya bomba la hapa."

"Na ulipima lini?"

"Jumatatu."

"Kwa hiyo Jumapili ulipomwaga ulikuwa hujui."

"Nilikuwa najua!" Sauti yake ilipasuka, na Koplo akasogea hatua. "Nilijua siku uliponiambia habari za huyo mdudu. Uliingia na matope yako, unacheka, na mimi kifua kikaniwaka. Mnadhani ni Mhandisi. Dada yangu anadhani ni Mhandisi. Ingekuwa mwanamume ningempiga ngumi yakaisha, hata ningekusamehe. Nilisema mbele ya watu wote kwamba mto umekufa. Nilikufundisha mimi kushika chupa! Halafu kila samaki aliyerudi alikuwa ananicheka. Nimebaki bega kwenye picha ya ukutani kwangu."

Mama Mto alikaa juu ya kisanduku chake cha sampuli.

"Ile picha niliitundika kwa sababu ya hilo bega," alisema. "Ndiyo pekee tuliyopo wote wawili."

Inspekta alitazama nje ya dirisha kidogo, kisha akamtolea Koplo ishara, na pingu zikatoka. Mkemia alinyoosha mikono mwenyewe, viganja juu.

"Tunakwenda kituoni," Koplo alisema.

"Subiri, afande." Mama Mto alikuwa amesimama. Alichukua kalamu na karatasi ya jina mezani, akaandika *Bwawa la tatu, Jumapili*, akaibandika kwenye chupa akailainisha kwa kidole gumba. "Baraza linakaa sasa hivi. Nikisema mimi, watasema ni uchungu. Mpitisheni kwanza barazani. Aliyewaambia mto umekufa ndiye awaambie ulikuwa umepona. Asimame palepale aliposimama siku ile. Safari hii chupa nitaibeba mimi, lakini nitakaa mbele."

Kwa mara ya kwanza tangu waingie, Mkemia aliogopa. Alimgeukia Inspekta, akasogea karibu kabisa, akamwomba kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie.

"Nipeleke kituoni, dada yangu. Nitaandika maelezo yote, nitaweka sahihi, nifungieni. Ila usinipeleke kule nikamsifu mbele ya watu."

Inspekta alimtazama. Maneno yale aliyaelewa vizuri kuliko alivyotaka kuyaelewa. Redioni, muda huohuo, labda walikuwa wanataja tena jina la mwenzake.

"Koplo," alisema, "tunapitia barazani. Na chukua kitufe hiki. Ukifika garini, washa redio."